Madaraka Express kwa sisi wa kila wiki: safari ni safi, shida ni tiketi

Niseme mapema kabla sijaingia ndani, hii treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa Nairobi, mi naipenda na naipanda sana, kwa hivyo mtu asije kunirukia hapa ati napinga maendeleo. Wale mnaopanda mara moja kwa mwaka kupeleka watoto Nairobi kwa nyanya yao, rivyu zenu ziko tele na nyingi ni za sifa, ziko sawa. Hii yangu ni ya upande wa mtu anayepanda kila mara kwa sababu ya kazi, yani watu wa kliaringi kama mimi, wa kutoa mizigo ya wateja bandarini, walimu na manesi waliopewa transfa, wafanyibiashara wa Biashara Street na Kongowea hapa Mombasa wanaofuata mzigo Gikomba na Eastleigh kule Nairobi, wanafunzi wa chuo. Sisi ndio tunakaa kwenye zile siti Jumanne ya katikati ya Februari wakati hakuna sikukuu wala mtalii, na ukiangalia vile tiketi zinavyouzwa utaona hakuna aliyetufikiria.

Sifa kwanza manake zipo na ni za kweli. Express ya kutoka Miritini, stesheni ya SGR ya Mombasa, saa tisa alasiri inafika Nairobi karibu saa mbili usiku, saa tano hivi kwa kilomita zaidi ya 470, na ile ya saa nne usiku inakushusha Syokimau, stesheni ya Nairobi, kabla ya alfajiri. Aliyekuwa akipanda basi la usiku miaka ile anajua maana ya hilo, barabara ya Mombasa ni malori mwanzo mwisho, Maungu, Mackinnon Road, halafu ile sehemu ya Salama ambayo kila mtu ana mtu wake aliyepatwa na jambo pale. Mke wangu nikimwambia naenda na treni analala vizuri, nikimwambia basi simu haikomi mpaka asubuhi. Hilo mi silipimi kwa pesa. Na ukiwa na bahati kule Tsavo unaona ndovu wamejipaka ule mchanga mwekundu mpaka masikio, nshapita pale sijui mara ngapi na bado naangalia dirishani.

Sasa twende kwa pesa. Treni ilipoanza Juni 2017 ekonomi ilikuwa shilingi 700, bei ya kuvuta watu, baadaye ikawa 1,000 tukazoea, halafu Januari 2024 ikawa 1,500 na fasti klasi ikatoka 3,000 ikafika 4,500. Sababu waliyotoa ni kwamba mafuta yamepanda, na treni yetu ni ya diseli kweli, hapo sibishani. Lakini nusu ya bei kuongezwa kwa mkupuo mmoja si mchezo. Kwa familia inayosafiri Disemba hiyo ni mia tano kila kichwa, inauma kisha inasahaulika. Kwa mtu wa kila wiki fanya hesabu mwenyewe, kwenda na kurudi 3,000, wiki nne 12,000, na hapo ni ekonomi tupu, hujalipa matatu, hujala, hujalala popote. Kabla ya 2024 hesabu hiyo hiyo ilikuwa 8,000. Hizo elfu nne zilizoongezeka kuna mtu Magongo analipia chumba cha mwezi mzima.

Na huyu mtu wa kila wiki analipa sawasawa na yule wa mara moja kwa mwaka. Hakuna pasi ya mwezi, hakuna tiketi ya safari kumi, hakuna cha kusema huyu ni mteja wetu tunamjua tumpunguzie. Mtoto mdogo ana nusu nauli yake, vizuri sana. Mimi ninayeleta pesa mwaka mzima, mvua jua, sina hata shilingi kumi ya kupunguziwa. Hata muuza mboga wa Kongowea ukiwa kastama wake anakuongezea fungu, na yeye hana kompyuta ya kumkumbusha kwamba wewe ni kastama.

Kuna mtu ataniuliza sasa wewe wa Mombasa unafuata nini Nairobi kila mara. Jibu la sisi watu wa kliaringi linajulikana. Mwaka 2018 ilipoamuliwa makontena yapande SGR yakatolewe bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, kazi yetu ilihama na mzigo. Ofisi ilibaki Mombasa, nyumba Mombasa, mafaili yakawa Embakasi. Mnakumbuka maandamano ya 2019 hapa mjini kuhusu hilo jambo, madereva wa malori, wenye yadi za makontena, wenye hoteli za Mariakani na Mtito, kila mtu alilia. Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kazi irudi bandarini na kwa kweli imetusaidia, ila Embakasi haikufungwa, kuna wateja ambao mzigo wao wanautaka bara na wanataka mtu wao awe pale. Kwa hivyo tunapanda. Na sioni aibu kusema reli ile ile iliyohamisha kazi yetu ingeweza angalau kutupa nauli ya mtu wa kazi.

Miritini sasa. Wageni wanaona stesheni kubwa nzuri wanapiga picha, mwenye kupanda kila mara anaona umbali. Stesheni ya zamani iko mjini kabisa pale Haile Selassie, mtu wa Mwembe Tayari anatembea kwa miguu. Hii mpya uko kisiwani unatoka Makupa, unapita Kibarani, Changamwe, Mikindani, Jomvu, na hiyo barabara ikifunga na malori ya bandari hakuna dua itakayokusogeza. Mtu wa Nyali au Bamburi aongeze daraja la Nyali, mtu wa Likoni alikuwa anaongeza feri, sai angalau barabara ya Dongo Kundu imempunguzia. Matatu ya kwenda huko bei inapanda kulingana na saa na sura ya begi lako. Kuna tuktuk iliniacha Mikindani jua la saa nane, dereva ameona foleni akanambia, "Kaka, hapa mi nageuza, jaribu boda," na pesa yake ameshachukua mbele. Nikapanda boda na begi la mafaili kifuani. Na ukirudi na treni ya usiku ndo balaa zaidi, unashuka saa tisa na nusu usiku, matatu ni za kubahatisha, teksi inaweza kukuitisha pesa inayokaribia nauli ya treni yenyewe iliyokutoa Nairobi.

Kwa hivyo ukiniuliza gharama ya SGR mi sikutajii 1,500. Ile 1,500 ni ya katikati. Kuna pesa ya huku na pesa ya kule, Syokimau nako si mjini, ingawa wao wana treni ndogo ya kuwaingiza hadi stesheni ya kati. Ndo maana hii reli ya kutoka Miritini kuingia kisiwani kwa daraja la Makupa mi naiangalia kwa hamu kuliko kitu kingine chochote, na ombi langu ni moja tu, isiwe na tiketi yake ya pembeni. Mtu akinunua tiketi ya Mombasa Nairobi iwe imeanzia mjini, si Miritini. Ukiwa na ratiba mbili zisizojuana na tiketi mbili, mtu atarudi kwa tuktuk.

Kwa asiyejua, kuingia stesheni kuna utaratibu wake. Mnapanga mabegi kwa laini chini, mnarudi nyuma, mbwa anapitishwa ananusa moja moja, kisha skana, kisha kitambulisho na tiketi, kisha skana tena. Sina neno na hilo, usalama ni usalama na nchi yetu tunajua tumepitia nini. Nachosema ni kwamba saa moja kabla ya treni lazima uwe umefika, na ukijumlisha na barabara ya kwenda Miritini, safari ya saa tano inakuwa ya saa nane mlango kwa mlango. Kwa mgeni ni sehemu ya matembezi, kwa mtu wa kila wiki ni siku imeenda.

Siti za ekonomi ni tatu upande huu, mbili upande ule, zinaangaliana, na mgongo wake uko wima haulali. Ukiwa mrefu magoti yako na ya jirani yatajuana kabla ya Mariakani. Lakini nitasema ukweli, mambo mengi ya hii treni nimeyajua hapo kwa sababu ya huko kuangaliana. Kuna mama mmoja wa Kisauni hukutana naye, anapeleka leso Nairobi, doti amezifunga vizuri kwenye mfuko wa gunia chini ya miguu na juu ameweka kikapu cha mahamri na chupa ya chai ya tangawizi, akifungua gari zima linajua. Siku hiyo nikawa namwelezea hii habari ya pasi ya mwezi, vile nchi za watu wanafanya. Nikamwambia, "Mamangu, tungekuwa tunalipa elfu kumi na mbili tunapanda safari kumi badala ya nane, si ungefurahi?"

Akanitizama. "Elfu kumi na mbili kwa mkupuo, mwanangu? Hiyo ni mtaji huo. Mimi nkitoa pesa hiyo leo, leso nanunua na nini? Na mimi siendi kila wiki. Nkiuza naenda, nsipouza nakaa."

Mi nilikuwa nafikiria kama mtu wa mshahara, yeye ananiambia maisha ya wengi walioko kwenye lile behewa. Tangu hapo hii hoja nimeigeuza kichwani mara nyingi, na nadhani yeye ndo alikuwa karibu na jibu kuliko mimi.

Manake angalia wenzetu. Uingereza ambako hizi tiketi za wiki, mwezi na mwaka wamezizoea miaka mingi, tiketi ya mwaka wanaiuza kwa bei ya tiketi za wiki 40, yani wiki 12 zinazobaki ni kama bure. Inasikika tamu, lakini inamtaka mtu awe na pesa nyingi mkononi siku moja, au mwajiri amkopeshe akatwe kidogo kidogo kwa mshahara. Halafu Korona ikaja watu wakaanza kufanyia kazi nyumbani, anaenda ofisini siku mbili tatu kwa wiki, tiketi ya mwaka ikawa hasara. Ikabidi Juni 2021 walete ile ya kubadilika, siku 8 za kusafiri ndani ya siku 28, unachagua mwenyewe siku gani. Na hata hivyo wanalalamika, bei inapanda, na mwenye tiketi ya mwaka hana uhakika wa siti, anaweza kulipia laki kadhaa za pesa yetu na bado akasimama njia nzima ameshika chuma. Wahindi nao Mumbai wana pasi ya mwezi na ya miezi mitatu kwa zile treni zao za mjini, watu wanajazana mpaka mlangoni.

Sasa kwetu haiwezi kuwa hivyo na wala haifai kuwa hivyo. SGR kila mtu ana namba ya behewa na namba ya siti, hakuna kusimama, na hilo ni jambo zuri tusilipoteze. Kwa hivyo pasi ya kupanda saa yoyote unayotaka itakuwa ni vurugu tu, siku ya mkesha wa Idi au Pasaka mtakuja na pasi zenu mia tatu na siti zimeisha. Kinachofaa hapa ni kitu kinachokwenda na namba ya kitambulisho. Na namba hiyo tayari wanayo! Kila ukibuku kwa *639# au kwa mtandao unaweka kitambulisho, unalipa kwa M-Pesa, tiketi inatoka na jina lako. Yani mashine inajua huyu mtu amepanda mara ngapi mwaka huu. Iweke hesabu tu. Ukipanda mara nne ndani ya muda fulani, tuseme miezi mitatu, ya tano nusu bei. Hakuna kutoa mtaji mbele, mama wa leso anapata, mwalimu anapata, mi napata, na huwezi kumuuzia mtu mwingine kwa sababu jina ni lako na mlangoni kitambulisho kinaangaliwa. Siku za sikukuu wakitaka waiondoe, hakuna atakayelalamika, sisi siku hizo tunapisha wenye familia.

Na kwa wale wenye uwezo au kampuni zinazolipia wafanyikazi wao, hiyo ya safari kumi kwa bei ya nane iwepo pia, siti yako iwekwe mpaka siku moja kabla, usipothibitisha wauze. Reli inapata pesa mapema na inajua Jumanne na Jumatano kuna watu. Mi sioni nani anapata hasara hapo.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi ya bei, nalo ni treni ya vituo. Hii Inter-county inatoka Mombasa mara moja kwa siku, saa mbili asubuhi, inasimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River, mpaka Nairobi. Mara moja. Na ya kutoka Nairobi mara moja. Sasa fikiria mtu wa Mariakani anayefanya kazi mjini, na hao ni wengi sana, nenda pale steji saa kumi na moja alfajiri uwaone wamejaa. Reli inapita nyuma ya nyumba yake, stesheni imejengwa, ina taa na paa na walinzi, na asubuhi treni inayopita inaelekea bara, si mjini. Ile inayokuja mjini inatoka Nairobi asubuhi, ikifika Mariakani siku ya kazi imeshapita nusu. Mtu huyu hata ukimpa pasi ya bure hana cha kuipandia.

Voi ndo hivyo hivyo. Kuna mwalimu, ndugu yangu kabisa wa kutoka Majengo, alipelekwa Taita Taveta, familia ilibaki hapa. Mara ya kwanza tulifurahi, tukamwambia treni iko, utakuwa unakuja na kurudi. Lakini Jumatatu akitoka na ya saa mbili, akishuka Voi jua lishakuwa kali na wanafunzi wameshasoma vipindi vya kwanza. Kwa hivyo anarudi Jumapili kwa matatu, na treni anapanda mara moja moja Ijumaa ikimkubali. Hapo kuna mteja wa kila wiki wa uhakika na reli imempoteza kwa sababu ya saa tu.

Watanzania wametupita hapa na tuseme wazi. Treni yao ya umeme ya Dar es Salaam kwenda Morogoro ilianza Juni 2024, nauli ya kawaida shilingi 13,000 za kwao, na kwa siku ziko kadhaa za kwenda na za kurudi, mtu anatoka Moro asubuhi anamaliza shughuli Dar anarudi kulala kwake. Hata Dar yenyewe Oktoba 2012 walianzisha ile ya mjini, ya Ubungo, ambayo watu waliita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wake, ilitumia reli ya zamani tu na mabehewa ya zamani, asubuhi na jioni watu wakawa wanakwenda kazini. Hakukusubiriwa chuma kipya. Kutoka hapa mpaka Voi ni karibu zaidi kuliko Dar mpaka Morogoro. Treni moja fupi ya alfajiri kutoka Voi ikipita Miasenyi na Mariakani iingie hapa kabla ya saa mbili, irudi jioni saa kumi na moja, ingejaa, naamini hivyo kwa sababu nawajua watakaoipanda.

Nyota zangu, kama safari naipa nne kwa tano, kama huduma ya mtu wa kila wiki naipa mbili, na hizo mbili ni za kufika salama na kwa wakati.

Kwa anayeanza sasa hii kazi ya kwenda na kurudi, nikusaidie kidogo. Buku mapema, hasa Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi, na likizo za shule usithubutu kungoja wiki ya mwisho. Namba ya kitambulisho iangalie mara mbili kabla ya kulipa. Fasti klasi siti ni mbili mbili na ni pana, lakini mara tatu ya bei kwa saa tano mi sishauri labda kama unafanya kazi kwenye laptopu njiani. Express ya saa tisa ndo bora kwa mwenye kulala Nairobi, ya usiku ni ya mtu ambaye ana pa kukaa mpaka kukuche, manake Syokimau saa tisa na nusu ni baridi na ukitoka Pwani na shati moja utajua. Kwenda Miritini toka mjini masaa mawili kabla, na kama ni siku meli kubwa imeshusha bandarini ongeza nusu saa, pesa ya tuktuk toa ukishafika.